Fasi ya Kushukia Kushoto

Watu wakimwona mtu wa baiskeli ya mkono hufikiri shida yake ni kwenda. Hutazama mabega yanavyofanya kazi, hutazama jasho, kisha husema pole. Kwenda nilikuweza. Miaka yote niliyovusha maziwa kutoka Kamembe hadi Bukavu, shida yangu ilikuwa kusimama.

Cyangugu haina tambarare. Barabara inaacha Kamembe juu, inateremka kwa kona nyingi, na ikifika mahali mto Rusizi unapotoka ziwani inabanwa kati ya mlima na maji. Hapo ndipo penye ofisi ya mpaka, kisha daraja, kisha Kongo. Baiskeli yangu ilikuwa ya magurudumu matatu, mawili nyuma na moja mbele, na pedali za kuzungusha kwa mikono mbele ya kifua. Nyuma ya kiti fundi wa Bukavu alinichomea sanduku la chuma la kubebea madumu. Breki ilikuwa moja, kipande cha mpira kinachobana gurudumu la mbele mradi tu mkono umeishika. Ukiiachia, baiskeli inakwenda. Kwa hiyo kila asubuhi, tangu kona ya kwanza, kichwa changu kilikuwa kimeshafika chini kutafuta pa kusimama, huku mwili ungali njiani. Sikuwahi kuteremka mlima ule nikiwa nimetulia.

Polio ilinikuta mdogo, Bukavu, ambako wazazi wangu walikimbilia kabla sijazaliwa. Miguu haikukua tena. Baada ya vita vya nyumbani tulirudi Rwanda kama wengi waliolelewa ng'ambo, na mimi nikarudi na baiskeli na lugha ya kule. Nyumbani na ofisini nilitembea kwa mikono, nikiwa nimevaa ndara viganjani na kuburuta makalio kwenye kipande cha tairi nilichojifunga. Juu ya baiskeli nilikuwa mfanyabiashara. Chini yake nilikuwa mtu ambaye wengine walimruka.

Ndiyo maana mahali pa kushukia palikuwa na maana kuliko mzigo. Mkono wangu wa kulia una nguvu kupita wa kushoto. Nikishuka, mkono wa kulia unabaki umeshika kiti mpaka makalio yafike chini, na mwili unakwenda upande wa kushoto. Sikuweza kushukia kulia. Nilijaribu, nikaangukia bega. Basi nilihitaji ardhi iliyo sawa, isiyo na matope mengi, na upande wa kushoto upana wa mtu aliyekaa, pasiwe na ukuta, gari wala mtaro. Upande huu mahali tunapaita fasi. Nilihitaji fasi ndogo tu, lakini ya namna hiyo.

Mwanzoni nilikuwa nayo. Kando ya ofisi palikuwa na sakafu ya saruji ya nyumba iliyobomolewa, haina kuta wala paa, imelala sawa kabisa. Tulisimama hapo watu wawili. Mwenzangu alikuwa mama mmoja, mjane, mkubwa kwangu kwa umri. Vita vilimnyang'anya mguu wa kushoto juu ya goti, na aliendesha baiskeli kama yangu akileta sabuni kutoka Bukavu. Yeye alishukia kulia, kwenye mguu aliobaki nao, kisha akachukua magongo yake. Tuligundua kwamba akisimama kushoto kwangu, pengo moja katikati linatutosha wote wawili, yeye akishukia kwangu na mimi nikishukia kwake.

"Kama bibi na bwana," alikuwa akisema. "Lakini bwana mwenyewe anafikaka chini ya kitanda mbele ya bibi."

Kutoka hapo nilitambaa hadi dirisha la ofisi, nikapewa karatasi ya kuvukia, nikarudi, nikapanda, nikavuka. Hakuna aliyenishika. Hakuna aliyenibeba.

Kisha vita vya pili vya Kongo vilianza ng'ambo, na upande wetu askari wakaongezeka. Ilitoka amri kwamba chombo chochote chenye magurudumu kisiachwe bila mtu kati ya kizuizi na daraja. Sababu yake niliielewa. Siku zile gari lililoachwa liliwatia watu hofu, na hofu hiyo ilikuwa na haki. Magari yakahamishiwa juu ya kizuizi, kando ya mikaratusi, mahali barabara inapoinama kuliko kote. Na sisi pia; juu ya sakafu yetu ya saruji askari wakapiga hema.

Kuanzia siku hiyo nilisimama juu, kwenye mteremko, huku nimeshika breki kwa mkono mmoja na kuomba mpita njia aweke jiwe nyuma ya kila gurudumu na jingine mbele. Halafu nikashuka kushoto, upande wa mtaro, na kutambaa hadi ofisini kati ya malori na miguu ya wachukuzi, kwenye kokoto, na mvua ikinyesha, kwenye matope. Nikishapata karatasi, nilipanda mlima tena kwa mikono kuifuata baiskeli. Nilifika Bukavu maziwa yameshapata joto na wateja wameshanunua kwa wengine. Lakini kilichonisumbua zaidi ni kwamba wakati wote nikiwa dirishani niligeuza shingo. Kutoka dirishani mikaratusi haionekani. Unaona kona tu, na unasubiri kitu kitokeze.

Asubuhi moja kilitokeza.

Nilikuwa ndiyo kwanza niko katikati ya mteremko, nikishuka. Nilisikia madumu yakigongana nyuma yangu, sauti ninayoijua kama kikohozi cha mtu wa nyumbani, na kabla sijageuka baiskeli yangu ilinipita. Ilikwenda taratibu, katikati ya barabara, kama inayojua njia. Mchukuzi mmoja alikuwa ameondoa jiwe la mbele ili azuie mkokoteni wake. Baadaye aliniambia, bila ubaya wowote, "Papa, niliwaza ni jiwe tu." Na kweli, mawe ya kando ya barabara ile hayakuwa na mwenyewe. Kila dereva alichukua lililo karibu.

Pale kizuizini askari waliona chombo kisicho na dereva, chenye madumu yaliyofunikwa kwa turubai, kikija kwao. Nyuma yake waliona mtu anakuja mbio kwa mikono. Wakakoki bunduki. Baiskeli iligonga gogo la kizuizi, ikageuka ubavu, na dumu moja likapasuka.

"Simama! Mikono juu!"

Nilisimama, kwa maana ya kwamba niliacha kusonga. Viganja vyangu vilikuwa chini, ndani ya ndara.

"Afande, nikiinua mikono naanguka."

"Inua!"

Nikainua, nikaanguka kifudifudi. Huko nyuma kwenye mstari wa wachukuzi mtu akacheka, akasema, "Si alikuambia, Afande?" Wengine wakacheka pia, lile cheko la watu waliokuwa wameogopa.

Mkuu wa zamu alikuja. Alikuwa kijana aliyelelewa Uganda, Kiswahili chake kifupi, cha kambini. Alinitazama, akaitazama baiskeli.

"Hii gari ya nani?"

"Yangu, Afande."

"Nani alikuwa anaendesha?"

"Hakuna."

"Gari haiwezi kujiendesha."

"Hii imeweza."

"Kwenye dumu kuna nini?"

"Maziwa ya mgando."

Alichovya kidole, akanusa, hakuridhika. Akaniambia ninywe kutoka kwenye kila dumu lililobaki. Nilikunywa, nikiwa nimekaa kwenye matope, raia na askari wakinitazama, mpaka tumbo likauma. Nilikuwa kwenye dumu la mwisho mama wa sabuni alipofika kwa magongo, akihema. Hakumpa mkuu salamu wala heshima yoyote.

"Mutoto wangu, ile kinga, ile baiskeli yake, haina kosa. Mulisema tuiache kule juu. Kule juu ni mulima. Kintu ya magurudumu ukiiacha ku mulima itafanya nini? Itapiga magoti isali?"

"Maman, amri inasema chombo chenye magurudumu."

"Na weye uko na miguu. Bakikuambia uache miguu yako kule juu, ukuye ku ofisi bila miguu, utakuya namna gani?"

Mkuu alipiga kiatu chake kwa fimbo, kisha akachuchumaa ili uso wake ufike karibu na wangu. Tangu amri itoke hakuna aliyefanya hivyo.

"Mnataka nini hasa?"

Nilikuwa nimelifikiria jibu kwa muda mrefu, likatoka lote kwa mpigo. Nilimwambia: fasi tambarare, chini ya kizuizi, mbele ya macho ya askari wake ili wajue kilichomo, na kushoto kwangu nafasi ya mtu aliyekaa. Alirudia neno kwa neno. Akasema atazungumza na kiongozi wa mtaa, yule tuliyemwita responsable.

Alizungumza naye kweli. Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ambayo kila nyumba hutoa mtu na jembe, watu wa mtaa waliagizwa kwenda mpakani kututengenezea fasi. Nilisikia habari hiyo kwa jirani. Nilipouliza kama nije, responsable alituma jibu kwamba walemavu wapumzike, kazi ni ya wenye miguu. Alisema hivyo kwa wema. Mwenzangu naye aliambiwa hivyo hivyo. Tukapumzika. Mimi siku ile nilizunguka uani kwa baiskeli mpaka mke wangu akaniuliza kama nachimba kisima.

Jumatatu tuliteremka pamoja, mimi mbele. Nilipopita kizuizi niliona kitu cheupe kando ya ofisi. Walikuwa wamekata ukingo wa mlima, wamesawazisha, wameshindilia changarawe nyekundu vizuri kuliko barabara yenyewe. Pande zote nne walikuwa wamepanga mawe makubwa yaliyopakwa chokaa, kila moja linagusa mwenzake, kama inavyofanywa kwetu mbele ya ofisi yoyote inayojiheshimu. Ndani ya mawe, upande wa kushoto, walipanda mstari wa maua ya manjano, na kwenye kona wakasimamisha bango dogo la mbao. Palikuwa pazuri sana. Hapakuwa na pa kuingilia.

"Banatuzika?" mama aliniuliza kwa sauti ya chini.

Responsable alikuwa pale akitusubiri, koti jipya, na vijana kadhaa waliopanga mawe.

"Munaonaje?" alisema.

Nilisema asante. Ulikuwa ukweli. Wale vijana walikuwa na malengelenge viganjani.

"Basi ingieni, tuone!"

Nilisogeza gurudumu la mbele mpaka jiwe. Lilikataa. Nilirudi nyuma, nikajaribu kona nyingine, ili waone wenyewe nisilazimike kusema. Walichoona ni kwamba mzee anahitaji msaada. Vijana wanne wakaruka, wakashika chuma pembe nne, wakaniinua na baiskeli na madumu, kama mgonjwa anavyopelekwa kwa machela kutoka milimani, wakanivusha juu ya mawe na kunitua katikati. Watu walipiga makofi. Responsable alinipa mkono. Kisha kila mtu akaenda kwenye shughuli zake.

Nilibaki ndani. Kushoto kwangu kulikuwa na maua na mawe, sikuwa na pa kutua. Kulia sishukii. Mbele jiwe, nyuma jiwe. Mwenzangu alizunguka nje kwa baiskeli yake kama kuku anayetafuta mlango wa banda.

"Weye sasa uko maua," alisema. "Subiri mvua."

Nilicheka, lakini mikono ilikuwa kwenye pedali, inazungusha mbele kidogo, nyuma kidogo, kidogo kidogo, kama mnyama aliyefungwa. Sikumbuki niliketi pale muda gani. Askari wawili waliopokea zamu ndio walionitoa, wakiwa wamenibeba tena.

Jioni ile nilikwenda nyumbani kwa responsable. Alinipokea nje, akaniketisha, yaani akaleta kiti chake karibu na baiskeli yangu. Nilimwambia mawe yanatuzuia.

"Vijana watakuwapo kila asubuhi," alisema. "Nimeshabapangia zamu. Banne wanatosha kuwainua."

"Na tukitaka kutoka?"

"Watawatoa."

"Na siku wakiwa shambani?"

"Papa, bantu balitoa jasho pale. Sasa unasema tuvunje?"

"Tutoe mawe ya mbele tu."

"Nikitoa ya mbele, kesho utakuta pale taksi ya babadilisha pesa. Keshokutwa lori. Weye mwenyewe unawajua. Fasi nzuri vile, hapa Cyangugu, nani ataiacha?"

Alisema kweli. Tambarare ile ilikuwa ya thamani kwa kila mwenye injini, na bango dogo la mbao lenye neno walemavu lisingemzuia yeyote. Mawe ndiyo yaliyoilinda. Nilirudi nyumbani na swali hilo, na siku kadhaa zilizofuata niliendelea kusimama juu kwenye mikaratusi, mawe manne chini ya magurudumu, shingo ikigeuka. Mara mbili vijana wa zamu walinikuta nikipita ofisini na kuniinua hadi ndani ya mawe kabla sijafungua mdomo. Walifanya kwa furaha. Kila waliponishika nilihisi ninapungua. Mchukuzi mmoja alianza kuniita "mzigo wa serikali". Alikuwa anatania, na wengine wakalipenda jina hilo.

Nilianza kupima. Kwanza upana wa baiskeli yangu kutoka gurudumu hadi gurudumu, kwa kamba. Kisha ya mwenzangu, iliyokuwa pana kidogo. Kisha, siku nikisubiri foleni, nikanyoosha kamba hiyo mbele ya taksi iliyosimama, dereva akiniuliza kama nataka kumshonea suruali. Taksi ilizidi kwa mbali. Nikapima mawe. Mawe mawili ya pembeni yakitolewa, baiskeli yoyote ya mkono ingepita na taksi ingekwama. Yakitolewa matatu, taksi ndogo ingeingia. Tofauti ilikuwa jiwe moja.

Nilimwomba responsable aje mpakani asubuhi, yeye peke yake, bila vijana. Alikuja uso umekunjamana. Mwenzangu alikuwapo. Nililaza gongo lake juu ya mawe, kuonyesha baiskeli inaanzia wapi na kuishia wapi, kisha nikanyoosha kamba kuonyesha taksi. Alitazama mara mbili. Alihamisha gongo kwa mkono wake mwenyewe, akajaribu upande mwingine, akarudi palepale.

"Na maua?" aliuliza.

"Maua yako mahali ninaposhukia."

"Unashukia hapo? Kwa nini si huku?"

Nikamweleza habari ya mkono wa kulia. Alinisikiliza mpaka mwisho, na nadhani ndipo alipotambua kwamba alijenga bila kumwona hata mmoja wetu akishuka.

"Kwa nini hamukusema ile siku ya umuganda?"

"Hatukuitwa," nilisema.

"Tulitaka mupumzike."

"Tulipumzika," mwenzangu akasema. "Tulipumzika mpaka mugongo ukauma."

Alitaka kukasirika, nikamwona akitaka, kisha akavua koti na kulitundika kwenye bango. Alipiga magoti, akalitikisa jiwe la kwanza kama jino, likatoka. La pili lilikuwa limezikwa zaidi. Askari wa zamu aliyekuwa anatutazama alikuja akalipiga teke kwa kisigino, wakalivingirisha pamoja hadi ukingoni. Responsable akaweka mkono kwenye la tatu.

"Hilo liache!" tulisema mimi na mama kwa pamoja.

Akang'oa ua moja moja na udongo wake, akayakusanya maua mikononi, akawa anatafuta pa kuyapeleka.

Mwenzangu aliingia kwanza, kwa sababu fasi yake ni ya kushoto. Mimi nikafuata. Magurudumu ya nyuma yalipita kati ya mawe bila kugusa, kulia ukabaki upana wa vidole, kushoto vidole. Nilisimama. Niliiachia breki taratibu, kidole baada ya kidole, nikisubiri. Baiskeli haikwenda popote. Nikavaa ndara mikononi, nikashika kiti kwa mkono wa kulia, nikajishusha kushoto kwenye changarawe, nikakaa.

Responsable alisogea mbele na maua yake mikononi, kama anayetaka kunisaidia, kisha akasimama.

Nilitambaa kwenda dirishani. Si mbali. Nilipofika kwenye ngazi ya kwanza niligeuka kuitazama baiskeli. Ilikuwa pale. Nikapanda ya pili, nikageuka tena. Karani aliniuliza nina nini leo, mbona sitazami mbele. Nilimpa jina langu na ninachovusha, na wakati anaandika niligeuka mara nyingine.